Kuti la Juu ya Mlango

Bagakay, Dumangas,
Iloilo, Ufilipino.
31 Machi 1996

Mpendwa Kaka Delfin,

Pokea salamu zetu sote kutoka nyumbani. U hali gani huko Taiwan? Baridi imepungua? Kile kikohozi chako je, kimekuachia? Sisi huku tu wazima, ila Mama presha inampanda na kushuka, na ukimuuliza anasema ni joto tu.

Mpunga tumevuna. Uwanja wa kikapu umeanikwa mpunga toka goli hadi goli, na wavulana wamenuna kwa kuwa hakuna mechi mpaka ukauke. Mimi ndiye ninayeugeuza kwa miguu mchana kutwa, na vumbi lake linawasha kama upupu.

Barua yako ya kusema unaongeza miaka miwili kiwandani tumeipata. Mama aliikunja akaiweka nyuma ya sanamu ya Mtoto Yesu, hakusema kitu. Mimi nasema. Uliniahidi nini mwaka jana, Jumapili ya Matawi, siku moja kabla ya kuondoka? Ulisimama mlangoni, ukajinyoosha kwa ncha za vidole, ukalifunga kuti lililobarikiwa chini ya ukingo wa paa. Ukasema, "Kibeti wangu, siku ukilishusha kwa kuruka, bila ngazi wala kigoda, mimi huyo narudi."

Wiki hiyo hiyo, mkesha wa Pasaka, kengele za wimbo wa Gloria zilipolia, niliruka pamoja na watoto wadogo, kama desturi yao, ili nirefuke. Mimi, na ukubwa huu! Wanawake kanisani walinicheka mpaka wakasahau kuimba, na sikuongezeka hata ukucha.

Basi nikaanza mazoezi. Binamu yetu Ponso akanidanganya nifunge vifuko vya mpunga miguuni, niruke juu ya saruji asubuhi na jioni. Goti likavimba kama papai. Bibi Pasing mkandaji alinikanda huku ananisema: "Wewe mtoto, unadhani magoti yanauzwa sokoni? Hata jogoo wa kupigana hupumzishwa!" Ndipo nikarudi kwenye maneno uliyokuwa ukinifundisha uwanjani: ruka mara chache kwa nguvu zote, kisha pumzika, chuchumaa na gunia begani, na ukitua, nisikusikie.

Februari, Jumatano ya Majivu ilipokaribia, Mama akaazima ngazi ya mzee Isko ili ashushe kuti, lipelekwe kanisani likachomwe pamoja na mengine. Nikasimama mbele ya ngazi.

"Mama, nakuomba, niache niruke mara moja tu."

"Mara moja! Ukivunjika, nani atageuza mpunga? Ponso?"

Lakini akaiondoa ngazi. Nikarudi nyuma hadi banda la nguruwe, nikaja mbio, nikaruka. Vidole vilishika, Kaka! Uzi ukakatika, vumbi la mwaka mzima likaniingia machoni, na nilipotua hata kuku hawakushtuka. Mama akasema, "Laiti angekuwepo." Akalia, nami nikalia.

Kuti lako limo katika majivu tuliyopakwa usoni. Ahadi ni deni, Kaka. Upande wangu nimetimiza.

Leo ni Matawi tena, tumerudi na kuti jipya. Mama alitaka kulifunga dirishani, nikakataa. Nimejaribu kulifunga pale pale juu, nikiruka na uzi mkononi, hadi Ponso akashika mbavu kwa kicheko. Haiwezekani. Kuruka kunatosha kushusha tu. Kufunga kunataka mtu mrefu, asimame pale mlangoni, atulie.

Nimekukumbuka mno. Wengine hawasemi, mimi nasema.

Mama anakusalimu, na Bibi Pasing, na mzee Isko. Hata Ponso, ingawa hastahili kutajwa. Mungu akufunike huko uliko, akulinde na mashine za kiwandani, na akuonyeshe njia ya kurudi.

Ngazi nimemrudishia mwenyewe. Kuti tumeliweka juu ya kiti chako, na juu ya mlango pako wazi.

Wako akupendaye,
mdogo wako Lorna