Regulata ya kwanza ya mume wangu inaninyima pumzi

Shikamoo mshauri. Nipe sikio lako dakika chache, maana nina furaha hadi naogopa, na katikati ya furaha hiyo kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu.

Nimeolewa miezi minne iliyopita. Mume wangu ni mzamiaji bandarini, kazi yake ni kushuka chini ya meli na kukwangua uchafu unaoganda kwenye tumbo la meli, na mimi ni mpokea wateja katika duka la miwani, na hapo ndipo tulipokutana, kwa sababu siku moja aliingia ameshika miwani yake ya kuzamia akauliza kama tunaweza kuitilia lenzi, kwa kuwa huko chini anaona kila kitu kama kimepakwa mafuta, nikamwambia kaka keti hapa nikuitie mpimaji, akaketi, na hadi leo mimi nikitazama kile kiti namwona amekaa pale, magoti yamebana, miwani mapajani, ananiangalia kwa macho yasiyoona vizuri.

Tulipooana alisema hawezi kuwa na mke ambaye hajawahi kuiona ofisi yake. Nikacheka, lakini hakuwa anatania. Alinipeleka mwenyewe kujiandikisha, nikaanza masomo ya kuzamia kwenye bwawa la kuogelea, kwa vifaa vya kuazima, na mshauri, mimi ambaye nilikuwa naogopa hata maji ya bomba yakiniingia sikioni, niliyapenda. Nilikaa chini ya maji nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikienda na kurudi, nikaona mume wangu amekaa sakafuni mwa bwawa amekunja miguu kama mtu anayesubiri chai, ananipungia mkono.

Sasa nije kwenye regulata. Kwa asiyeijua, ni kile kifaa kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa, chenye mpira mrefu unaokuja hadi mdomoni, ndicho kinachokupa pumzi ukiwa chini. Mama yangu nilipompigia simu kumwambia mume wangu amenizawadia regulata, alisema, "Mungu ambariki mwanangu, maana ile ya jiko lenu la gesi ilikuwa inavuja."

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili wa ndoa nilirudi kazini nikakuta ametandika taulo jipya juu ya meza ya kulia, na juu ya taulo ameweka regulata yake ya kwanza kabisa, aliyoinunua miaka kumi na miwili iliyopita alipoanza kazi. Alikuwa ameifungua yote, ameisugua kwa mswaki na dawa ya meno mpaka chuma kinang'aa, amebadilisha vipira vya ndani, na ubavuni ameandika kwa rangi nyeupe jina analoniita tukiwa wawili tu, ambalo siwezi kuliandika gazetini. Akaniambia, "Mke wangu, hii imenirudisha juu kila nilipozama. Sasa itakurudisha wewe." Nililia hadi taulo likalowa.

Jumapili iliyofuata tukaenda nayo bwawani. Mshauri, ilikuwa kama kunyonya asali kwa mrija. Nikivuta, haiji, nikivuta zaidi, inakuja kwa kusuasua, na ile sehemu ya kuuma ni pana kiasi kwamba taya ziliniuma kama nimetafuna mpira wa gari. Nikatoka juu, naye yuko ukingoni amechuchumaa, macho yanang'aa kuliko chuma chenyewe.

"Vipi?" akaniuliza.

"Laini kama siagi," nikasema.

Akanibusu paji la uso mbele za watu. Ningewezaje kurudisha maneno?

Tangu siku hiyo nimeendelea kudanganya. Hata mwalimu wetu aliniuliza kama kifaa changu kiko sawa, nikamwambia kiko sawa. Mitungi yangu inaisha upesi kuliko ya mwanafunzi yeyote, na hewa ikikaribia kwisha ndipo kuvuta kunazidi kuwa kazi, na nikitoka majini kichwa kinagonga mpaka kesho yake. Mume wangu anadhani napumua haraka kwa sababu ya woga. Basi kila jioni tukitoka kazini ananilaza kwenye zulia la sebuleni, ananiwekea redio ndogo tumboni, ananiambia vuta taratibu redio ipande, toa taratibu redio ishuke, naye amelala ubavuni anahesabu, na mara nyingine anapoteza hesabu kwa kunitazama. Nikiri kwamba hilo nalo limenifunga mdomo, kwa sababu nikisema ukweli, darasa la zulia litakufa.

Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana, niliibeba regulata ndani ya mfuko wa viatu nikaenda peke yangu kwenye duka la vifaa vya kuzamia. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye sauti nzito, akaigeuza geuza mikononi kama mtu anayekagua nazi sokoni.

"Nani aliifungua hii?"

"Mume wangu."

"Ni fundi?"

"Ni mzamiaji."

Akaiweka juu ya kaunta. Kisha akasema, "Mpende sana, dada. Lakini usivute alichokifunga." Akaniambia vipuri vya aina hiyo havitengenezwi tena, na kwamba hivyo vipira alivyoviweka vimetoka kwa kifaa kingine.

Akanijaribisha tatu mpya kwenye mtungi wa dukani. Ya kwanza ilikuwa nzuri lakini nzito mdomoni, ya pili ilikuwa imejaa vitufe na mapambo, mimi ningeishia kubonyeza kila kitu. Ya tatu ni nyeusi, ya kawaida, haina maringo, ina kipande kidogo cha kuuma. Niliivuta, mshauri, nikasahau kama nimevuta. Pumzi ilikuja yenyewe. Nilisimama pale kaunta nikapumua kama mara ishirini, halafu nikaona aibu nikatazama mlangoni, kama mke aliyekutwa na mwanamume mwingine.

Yule mama akacheka. "Dada, hii ni pumzi, si mchumba. Ikikufaa, chukua."

Sikuichukua. Nilirudisha ya mume wangu kwenye mfuko wa viatu nikarudi kazini.

Tatizo ni kwamba Jumapili ya pili kuanzia sasa ndiyo siku yangu ya kwanza kushuka baharini, mita kumi na mbili, mwalimu akiwa na kundi zima na mume wangu akiwa mwenzangu wa ubavuni. Amewaambia bandari nzima. Wenzake, ambao huniita Shemeji Samaki, wameomba ruhusa waje kwenye boti kunishangilia, na kila mmoja ameshasimuliwa kwamba nitashuka na regulata ile ile. Nimewaza kuinunua ile nyeusi na kuipaka rangi ili ifanane. Nimewaza kuisahau ya zamani kwenye basi. Nimewaza pia kushuka nayo mara moja tu, dakika thelathini, kwa ajili yake, halafu ndipo nimwambie. Hii ya mwisho ndiyo moyo wangu unaielekea, kwa sababu dakika thelathini si nyingi kwa mtu unayempenda. Kila kitu kwenye kile kifaa amekigusa yeye, hata ule mdomo wa akiba wa njano unaoning'inia kifuani, ambao sijawahi kuutumia, ameukatia kamba nzuri usinisumbue.

Niambie nifanye nini, na kama kuna namna ya kuchagua regulata ya kwanza bila kumuumiza aliyenipa ya kwanza.

Bibi Harusi wa Miezi Minne

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, bibi harusi, na hongera. Barua yako niliisoma nikitabasamu mpaka nilipofika kwenye kichwa kinachogonga, hapo nikaiweka mezani nikavaa miwani.

Mimi sijawahi kuzamisha kichwa zaidi ya beseni la kuoshea nywele, kwa hiyo sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilimtafuta fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni kufungua na kufunga hizi regulata, nikamsomea barua yako neno kwa neno. Kwenye darasa la zulia alicheka. Kwenye kichwa alinikatiza. Alisema ukivuta hewa kwa nguvu namna hiyo, pumzi chafu haitoki yote, inabaki mwilini, na kichwa ndicho kinacholalamika kwanza. Woga wako hauhusiki. Una kifaa kibovu, na umekuwa ukikitetea kama mtoto wako.

Halafu akaniuliza swali ambalo wewe hukuliuliza: "Huo mdomo wa njano, nani ameufunga?"

Nikamwambia mume huyo huyo.

"Basi anayenitia wasiwasi ni huyo mume," akasema.

Nisikilize vizuri, mwanangu. Mwalimu wako alikufundisha, ila nadhani siku hiyo ulikuwa unamtazama mtu amekunja miguu sakafuni mwa bwawa. Ule mdomo wa akiba hauning'inii kifuani pako kwa ajili yako. Ni wa mwenzako. Mtungi wa mume wako ukileta shida huko mita kumi na mbili, atakuja kwako, atauchukua ule wa njano, na mtavuta wote wawili kutoka kifaa kimoja, kile kile ambacho kinakushinda wewe peke yako kwenye bwawa. Yeye atauweka mdomoni bila wasiwasi wowote, kwa sababu mke wake alimwambia ni laini kama siagi.

Wewe umehesabu dakika thelathini za kujitolea kwa ajili yake. Kumbe ulichokuwa unakitoa ni pumzi yake pia, wala hukumuuliza.

Sikukemei ili ulie, najua unalia upesi, umeharibu taulo. Nakukemea kwa sababu ungekuwa kazini usingefanya hivi. Mteja akija dukani kwenu amevaa miwani ya mume wake, haoni mlango, anasema anaivaa kwa mapenzi, ungemwacha aende barabarani? Ungemkalisha kwenye kile kiti.

Kwa hiyo, mwambie leo. Usisubiri Jumapili, usipake kitu rangi, usisahau kitu kwenye basi, maana hayo mengine yote ni uongo wa pili wa kufunika wa kwanza. Na usimtege kwa kumpa aivute halafu umwangalie usoni, yeye si mwanafunzi wako. Mkalishe, mshike mkono, sema hivi: "Mume wangu, regulata inanipa shida tangu siku ya kwanza, nilikudanganya kwa sababu nilikuona umefurahi." Kisha nyamaza. Atakasirika kidogo, mwache. Mtu anayefanya kazi chini ya meli anajua hewa ni nini, hataikasirikia hewa. Atakukasirikia wewe kwa miezi miwili ya kunyamaza, na ana haki, na itapita kabla ya chakula kupoa. Kesho yake mwambie na mwalimu.

Na wewe mume wake, kama gazeti limekufikia: kukitumia kifaa miaka kumi na miwili si kujua kukitengeneza. Moyo wako ni mzuri, mikono yako ni ya kukwangua meli. Kilichotoka kwenye taulo lako kilipaswa kwenda kwa fundi kwanza.

Ya kuchagua sasa. Fundi anasema uliza dukani kama ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi ni ya aina inayotoa hewa kwa wepesi ule ule mtungi ukiwa umejaa na ukiwa unakaribia kwisha. Ya zamani yenu siyo, ndiyo maana inazidi kuwa nzito mwishoni. Uliza kama kuna fundi aliyesomea aina hiyo katika mji wenu na kama vipuri vinapatikana, kwa sababu itahitaji kukaguliwa kila mwaka, na kama jibu ni kuviagiza kutoka nchi nyingine, iache hata kama inang'aa. Kipande cha kuuma kiwe cha mdomo wako, kidogo, taya zisichoke. Mapambo hayakusaidii chini ya maji. Kwa maelezo yako, ile nyeusi isiyo na maringo inaonekana kukufaa, na yule mama mwenye sauti nzito amekupa ushauri bora kuliko wangu na hukumsikiliza.

Ile ya zamani msiitupe. Itundikeni ukutani sebuleni, na lile jina la siri lielekezeni upande wa ukuta. Darasa la zulia liendelee, sioni kwa nini life, wapo waliooana miaka thelathini na hawajawahi kuwekeana redio tumboni.

Kama haya hayajakamilika kufikia hiyo Jumapili, huzami. Shemeji zako watakushangilia wiki nyingine, boti haitahama.

Na mkienda dukani, nendeni wote wawili. Ya mdomoni chagua wewe, asiseme neno. Ukishamaliza, mwachie kaunta yeye, achague mdomo wa njano, auvute mara ishirini kama ulivyovuta wewe, mpaka aridhike. Huo ni wake. Wewe unambebea tu.