Dumu la Kilo Sita

Jumatatu, 5 Mei 2025

Taarifa kwa umma! Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkanda wa Mwalimu Respicius, umri miaka hamsini na mbili, umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Tundu limeelekea upande wa kitambi. Familia imepokea taarifa hiyo kwa utulivu. Mke wangu Generosa akasema safari ijayo ninunue kamba ya ng'ombe kabisa, nisisumbue msumari.

Hiyo ndiyo habari niliyopanga kuandika leo.

Saa nane mchana nipo Darasa la Sita, nimeandika ubaoni: kani ni msukumo au mvuto. Simu ikaita. Mgambo wamepita sokoni kuwaondoa akina mama wanaopanga dagaa kando ya barabara. Generosa alikuwa ameinama anakusanya beseni lake. Anakusanya! Anaondoka! Mmoja akamsukuma mgongoni, akaangukia mtaro wa zege. Paja limevunjika.

Naishia hapa. Mwandiko umekuwa kama wa Darasa la Kwanza.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali. Daktari Masunga ni kijana, lakini anajua kueleza. Wamepitisha pini kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, halafu uzito unaning'inia. Uzito wenyewe hawana. Ndugu walete dumu la mchanga, kilo sita.

Basi fundi nikafika! Nikakimbia shule kuazima mizani ya springi. Nimepima mara tatu. Nimechora mstari kwenye dumu kwa maka peni. Nesi akaniangalia tu: "Mwalimu, huo ni mchanga, si dhahabu."

Daktari anasema misuli ya paja ina nguvu kuliko tunavyodhani. Inavuta, vipande vya mfupa vinapandiana. Dumu linavuta kinyume, polepole, mchana na usiku, wiki sita. Ukiliondoa, misuli inashinda. Mguu unafupika, mtu anachechemea maisha yake yote.

Niliitikia kwa kichwa kama mtaalamu mwenzake.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimetoka ofisi ya mtendaji wa kata na mdomo mchungu. Amenisomea taarifa yake: mgambo "walitumia nguvu ya kadiri". Kadiri! Nikamuuliza kadiri ni ngapi. Nilikuwa na karatasi yangu — uzito wa Generosa, kina cha mtaro (nilikwenda na rula, watu wakanishangaa), mwendo wa kuanguka, kila kitu. Akacheka. Mwalimu, hapa si darasani. Na yule mgambo mwenyewe alikuwa mlangoni anatafuna muwa. Anatafuna, anatema, anatafuna! Nilitaka kumrukia. Kitambi kikanikumbusha mipaka yangu.

Jioni nikamsimulia shemeji Ponsian, kaka yake Generosa, koplo mstaafu. Nilidhani atatetea sare. Akasema:

"Shemeji, jeshini nguvu unampelekea mwenye nguvu mwenzako. Mama na beseni? Yule angekuwa kombania yangu angechimba vyoo mpaka Krismasi."

Nikafurahi. Nikamwonyesha na hesabu zangu.

"Na wewe hizi namba zinamsaidia dada yangu nini?"

Nimemkasirikia mpaka saa hizi.

Jumatano, 14 Mei

Generosa halali. Siku ya nane. Misuli inagombana na dumu, na uwanja wa ugomvi ni yeye. Bado anatania, lakini meno ameyauma. "Baba Vestina, waambie wamvute na yule mgambo kidogo, sehemu yoyote wanayotaka."

Mama mkwe, Mama Romana, amefika kutoka Kasansa. Analala kwenye mkeka kando ya kitanda, rozari mkononi. Mimi naingia baada ya vipindi, yeye anahamia pembeni kwa heshima, tunaulizana hali tukiangalia sakafu.

Leo mchana Generosa kalala saa nzima. Kakoroma kabisa! Sijawahi kufurahia mkoromo kiasi hiki.

Jumatatu, 19 Mei

Picha ya eksirei imetoka. Mguu umefupika sentimita mbili na nusu.

Daktari Masunga alikuwa amekasirika, sauti ikamtoka: "Nani anaondoa uzito?" Nesi akasema ameshakuta dumu sakafuni mara mbili, akalirudisha. Tukageuka wote kumtazama Mama Romana.

Nililipuka. Mkwe! Mtu ambaye kwa miaka ishirini na tatu sijawahi hata kumega ugali mbele yake! Nikamwambia huruma zake za kijijini zitamfanya mwanae kilema. Nikasema nyie wazee hamwambiliki. Generosa aligeuzia uso ukutani.

Mama akakunja mkeka wake. Akafunga khanga. "Sawa, baba," akasema. Akaenda stendi peke yake.

Hasira bado ipo. Kwa mgambo, kwa mtendaji, kwa muwa, kwa mchanga. Inazunguka inatafuta pa kutua.

Alhamisi, 22 Mei

Daktari ameongeza kilo mbili. Wiki ijayo picha nyingine. Mguu usiporudi, rufaa, mbali, kisu.

Sasa niandike kilichotokea. Daftari hili hakuna anayelisoma, na bado hata humu nimekiruka.

Tarehe 14, saa tisa alasiri. Generosa akaniambia: dakika tano tu, mume wangu, nakuomba. Nikatazama meza ya manesi. Hapakuwa na mtu. Nikalinyanyua dumu kwa mikono miwili, nikalishusha sakafuni taratibu lisitoe sauti. Uso wake ukafunguka. Dakika tano zikaisha, tayari amelala. Nani angemwamsha? Mimi sikuweza. Saa nzima. Tarehe 15 tena. Tarehe 16 tena, nikasahau kulirudisha. Jumamosi saa mbili nzima. Mimi! Mwenye mizani, mwenye mstari wa maka peni. Nilijua ninachoachia, kwa kilo na gramu zake.

Na daktari alipouliza, sikugeuka baada ya wenzangu. Niligeuka wa kwanza. Wengine walifuata macho yangu.

Leo Generosa ameniambia, bila kunitazama: "Mama alikuona. Siku ile ya kwanza kabisa, alikuwa amefumba macho tu. Akaniambia nisithubutu kukutaja. Mkwe haaibishwi mbele za watu."

Nilitoka nje. Nikasimama nyuma ya jengo la kufulia, nikapiga simu Kasansa. Akapokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mguu wa mwanangu unaendeleaje? Na wewe, umekula?"

Umekula!

Nikasema mama, mtandao unakatakata, nitapiga tena.

Mtandao ulikuwa safi. Nilikuwa nasikia mpaka kuku wake.