Siku Ulizofua Mara Mbili

Dada Skola,

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa jikoni Nambambo, na karatasi nimeilaza juu ya beseni lako la kufulia nililolifudikiza, maana meza yako uliwaazima watu wa kigango na hakuna anayekumbuka iliko. Misa ya arobaini ilikuwa Jumamosi iliyopita. Watu wameshaondoka. Mama Nasra, jirani yako, ananiletea uji asubuhi na mihogo jioni, kisha anarudi kwake. Sikujua kwamba nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa hivi.

Nianze na habari za nyumbani, maana ndizo ungeuliza kwanza. Mikorosho imetoa maua. Paka amehamia kwa Mama Nasra na hana mpango wa kurudi. Vile vitambaa vya altare ulivyokuwa unavianika siku ulipoanguka, yeye ndiye aliyevianua, akavikunja na kuvipeleka kanisani mwenyewe, na ushungi wake kichwani. Alisema, "Skola asingepumzika vikibaki kambani." Wanasema ilikuwa presha. Mimi nilikuwa ofisini Dar, nikiangalia ramani ya hapa hapa.

Ramani hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Kazi yangu uliitania tangu mwanzo. Uliwaambia wanawake wenzako wa kigango kwamba mdogo wako anapima moshi bila kuunusa, na hukuwa mbali na ukweli. Satelaiti inapita juu, inaona joto la moto na uchafu ulio hewani. Sisi tunachukua ilichokiona, tunakiingiza kwenye modeli pamoja na upepo na jua, na kompyuta inakadiria ni moshi na gesi kiasi gani vimetoka wapi, na vimekwenda wapi. Ramani imegawanywa miraba. Mraba wetu ni mmoja, unaanzia Nachingwea na kuingia hadi Ruangwa. Na kwa kuwa yote ni makadirio, tunahitaji mtu wa chini atuambie kama tumepatia.

Mtu wangu wa chini ulikuwa wewe. Sikukupa kifaa chochote. Ulifua vitambaa vya altare, vyeupe pee kwa ile bluu yako ya kufulia, na siku ya moshi vilishika masizi kabla havijakauka, ikabidi uvirudie. Nikakuomba uziandike siku hizo tu kwenye daftari. Kila Jumamosi ulinipigia ukanisomea: "Jumanne nimefua mara mbili. Alhamisi nimefua mara mbili." Ulisoma polepole, na nilijua umevaa miwani ya Baba.

Shida ni kwamba siku zako hazikulingana na ramani. Siku ulizofua mara mbili, satelaiti haikuona moto hata mmoja, si Nachingwea wala Ruangwa. Nikakwambia kwenye simu, "Dada, huo moto haujaonekana." Ukasema, "Basi mwambie huyo satelaiti wako aamke mapema."

Nikacheka. Nilicheka sana, Dada, hata nikawasimulia wenzangu wakati wa chai, nao wakacheka. Halafu nikarudi mezani nikazifuta siku zako. Zote. Nikaandika kwamba taarifa za mwangalizi wa Nambambo haziaminiki. Hesabu ikakaa sawa, na ripoti ikaenda na mraba wetu ukiwa mweupe, maana yake moshi kidogo, hewa nzuri. Kwa sababu ya weupe huo, kifaa cha kupimia hewa kilichokuwa kiletwe zahanati ya huku kikapangiwa kwingine. Sikukwambia. Uliendelea kunisomea kila Jumamosi, nami niliendelea kukujibu, "Asante Dada, naandika."

Sasa sikia. Jumatatu nimeamshwa na harufu. Nimetoka nje jua halijachomoza, na shamba zima la jirani lilikuwa na marundo ya majani makavu yaliyokusanywa chini ya mikorosho, yanawaka taratibu huku nyasi bado zimelowa umande. Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukaingia hadi kwenye kamba yako ya nguo. Jua lilipopata nguvu watu walifukia majivu kwa udongo na moshi ukatawanyika. Saa saba na nusu mchana, wakati satelaiti yetu inapita, nilisimama uani nikatazama juu. Mbingu ilikuwa ya bluu, bila moto wowote.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo linalonichoma. Hakuna wa kunifundisha kwamba kwetu majani huchomwa alfajiri ili umande uushike moto usipande mkorosho. Nimeshika reki nikiwa darasa la pili, nyuma yako, ukinihimiza, "Boni, changamka, umande unakwenda." Sijui niliusahau wapi. Wewe ulinipa jibu zima kwa sentensi moja, mimi nikadhani ni utani.

Jumanne nilikodi bodaboda hadi Matambarale. Nikuambie kweli, nilikwenda nikiomba niambiwe kwamba upande wa Ruangwa hawafanyi hivyo, ili kosa langu liwe dogo. Nikamkuta mzee mmoja anafyeka chini ya mikorosho yake, nikamuuliza. Akasema, "Moto wa mchana unakula mti, bwana. Kila mtu anajua hilo. Wewe mgeni huku?" Nikamjibu natoka Nambambo. Akaviangalia viatu vyangu, akaendelea kufyeka.

Niliporudi ndipo nikalifungua daftari lako. Nilikuwa naliogopa. Pembeni ya kila siku umeandika na saa ya asubuhi moshi ulipoingia. Saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na mbili. Kurasa zote, kwa mwandiko wako uliolala upande. Kwenye simu hukunisomea saa kwa sababu sikukuuliza.

Nimezirudisha siku zako zote, moja moja, pamoja na saa zake. Nimemwandikia bosi kwamba ripoti ina kosa, kwamba aliyekosea ni mimi na si mwangalizi, na kwamba kile kifaa kilistahili kuja huku. Hajajibu. Huenda akaipuuza barua, huenda akanipuuza mimi. Ungekuwepo ningekupigia, ungesema neno moja la kunichekesha nikalala. Jumamosi baada ya misa mkono wangu ulipiga namba yako wenyewe, na simu yako, niliyokabidhiwa baada ya mazishi, ikaita kwenye mfuko wa koti langu. Sikuikata. Niliiacha iite mpaka ikanyamaza. Baba na Mama wamekwenda, na wewe umewafuata, na sasa hakuna aliyebaki duniani anayekumbuka kwamba niliwahi kuogopa kuku.

Dada, siwezi kukuomba radhi ukanisikia, ila naandika hivyohivyo. Nisamehe. Nakuahidi sitafuta tena siku ya mtu yeyote kabla sijakwenda kusimama aliposimama yeye, saa ileile aliyosimama.

Nimeomba likizo niendelee kukaa hapa kidogo. Wanawake wa kigango wamenikabidhi vitambaa vya altare, wamecheka wee kwa jinsi ninavyokamua. Leo nilivianika kabla ya jua, nikavikuta vina madoa meusi, nikachota maji tena. Kisha nikavaa miwani ya Baba, ambayo hainifai, nikaandika chini ya mstari wako wa mwisho: "Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu. Nimefua mara mbili."

Pumzika, Dada yangu. Usihangaike kupiga. Kesho ni Jumamosi, nitakuja kaburini na daftari nikusomee mimi.

Mdogo wako,
Boni