Mgonjwa wa Kuigiza, Kituo cha Nne

Jumatatu, 3 Juni

Sketi sita za shule kabla ya saa nne. Ya saba inangoja zipu. Nikafunga cherehani, nikamwomba Bwana Karim mwenye duka aniangalizie vitambaa barazani, nikaenda chuo cha utabibu.

Mara ya tatu mwaka huu wananiita. Mtihani wa vitendo: vyumba kumi, kila chumba dakika saba, kengele ikilia wanafunzi wanahama. Katika baadhi ya vyumba amelala mgonjwa asiyeumwa. Huyo ndiye mimi. Kituo cha nne.

Kadi yangu safari hii: mwanamke, tumbo linauma chini upande wa kulia tangu jana. Asubuhi alipata kizunguzungu. Siku zake zimepita wiki tatu hajaziona. Hilo la mwisho silisemi mpaka niulizwe. Mwalimu Ndaki, mama anayesimamia mtihani, anasema mgonjwa wa kweli wa namna hii ana mimba iliyotunga nje ya kizazi. Asipoulizwa, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Sheria: siongezi, sipunguzi, simsaidii mtu hata kwa macho. Mwanafunzi wa kwanza na wa ishirini wapate maumivu yale yale. Naipenda sheria hii. Mimi ni fundi. Sketi thelathini za darasa moja, marinda sawasawa.

Nimemweleza Mwalimu Ndaki kwamba Kabula, binti wa kaka yangu wa Lusu, anakaa kwangu na anafanya mtihani huo huo. Ameandika. Atamweka kundi la pili, kwa mgonjwa mwingine. Vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Kabula ananifanyia mazoezi kila jioni kabla ya kupika. Juzi nilikuwa na pumu. Jana kidonda mguuni. Leo akasema, "Shangazi, leo tumbo." Nikamwambia nina nguo za watu za kumalizia. Uongo. Zote zilikwisha mchana.

Sipendi kumdanganya. Lakini kadi ni kadi.

Jumapili, 9 Juni

Kaka amepiga simu. Ameshawatangazia Lusu nzima kwamba binti yake anakuwa tabibu. Laiti angengoja.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya mtihani. Mgonjwa wa kundi la pili hakuja. Amefiwa. Mwalimu Ndaki akaamua wote arobaini wapite kwangu. Nikamkumbusha habari ya Kabula. Akashika kichwa. Hana mwingine aliyefundishwa, na watahini wameshakaa.

"Bi Mwajuma, fanya kama humjui."

Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Kabula alikuwa wa ishirini na tisa. Alifungua pazia, akasita.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikamwitikia kama mtu wa njiani.

Akanawa mikono. Akajitambulisha kwa majina yake yote mawili, kwangu mimi niliyembeba mgongoni. Akaomba ruhusa. Akauliza maumivu yalianza lini, kutapika, homa, choo. Akasugua viganja kwanza ndipo akanigusa tumbo, nisishtuke na baridi. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo leo.

Kisha akanyamaza. Dakika mbili zimebaki. Niliona mdomo wake unafunguka, unafumba. Nikatazama sakafu ili macho yangu yasiropoke. Mtahini anaandika kwenye karatasi yake.

Kengele.

Akaingia wa thelathini. Nikaugua vile vile. Kumi baada yake, vile vile. Sikupunguza, sikuongeza. Najivunia. Na linaniuma.

Jumatano, 12 Juni

Hajala tangu jana. Asubuhi nachagua mchele, akaja akasimama mlangoni.

"Ulijua, shangazi."

"Nilijua."

"Ungenikonyeza tu."

"Nisingeweza, mwanangu."

Nilidhani ataondoka. Akakaa chini, akaanza kuchagua mchele upande wake wa ungo. Baadaye sana akasema: "Swali nilikuwa nalo. Nilishindwa kukuuliza wewe habari za siku zako. Niliona haya."

Vijana wa kiume wa miaka ishirini waliniuliza jana bila kupepesa. Yeye ndiye aliyefunzwa adabu na mimi. Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo. Vituo tisa amefaulu, vitatu kati ya hivyo amewashinda wote. Cha nne ameanguka, na cha nne ni cha lazima.

Nikavaa gauni la kitenge, nikaenda kwa Mwalimu Ndaki. Nikamwambia kanuni yenu inasema ndugu asikae na ndugu, na mimi nilitangulia kusema. Hakubisha. Kosa ni la chuo. Kabula atarudia kwa kadi nyingine na mgonjwa mwingine. Nikarudi nyumbani karibu nikimbie.

Kabula akakataa! Mgonjwa mwingine hamtaki. Ananitaka mimi.

"Shangazi, huko Lusu wote watakaokuja kwangu ni shangazi zangu na mama zangu wadogo. Nikishindwa kwako, kwao nitafanyaje?"

Nilimwita mjinga. Kisha nikaenda chooni kulia, asinione.

Jumatano, 19 Juni

Chuo kimekubali. Kabula ametia saini kwamba ameomba mwenyewe. Watahini wawili, mmoja wa kutoka nje. Kadi nitapewa asubuhi hiyo hiyo, sitaonana naye kabla. Usiku wa kuamkia mtihani nitalala kwa jirani.

Mazoezi hatufanyi tena. Nyumba imekuwa kimya.

Jumanne, 25 Juni

Nimesoma kadi, nikaomba maji. Mwanamke anatokwa uchafu ukeni, anaumwa akikojoa. Mume dereva wa lori. Sasa zamu ya kuona haya ni yangu.

Kabula aliingia. Shikamoo, marahaba. Akavuta pazia mpaka mwisho, akahakikisha halina mwanya. Akanawa. Akasogeza kiti karibu, akakaa, tukawa sawa macho kwa macho.

"Mama, nitakuuliza mambo ya ndani. Yatabaki hapa. Ukiona gumu, niambie tupumzike."

Mama. Siyo shangazi.

Akauliza siku zangu. Akauliza uchafu, rangi yake, harufu yake. Akauliza lini nimelala na mume wangu mara ya mwisho. Kama nina mwingine. Kama yeye ana mwingine. Akanieleza kwamba mume naye atahitaji dawa, na akaniuliza nitamwambiaje, kama naogopa kupigwa. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Yangu ilitetemeka, na kwenye kadi haikuandikwa.

Kengele ililia ameshaniaga.

Nimekiri kwa Mwalimu Ndaki kuhusu sauti. Akasema wataliandika, alama za mtoto haziguswi.

Saa tisa wakabandika matokeo. Amefaulu. Yule mtahini wa nje aliuliza huyu binti katokea wapi. Nikajibu mimi, kabla sijaulizwa: Lusu, wilaya ya Nzega.

Nimerudi kazini nikaharibu kola mbili kwa furaha. Bwana Karim alisikia habari, akatuletea kashata. Nikampigia kaka simu. Nilisikia tu watu nyuma yake wakipiga vigelegele.

Jumamosi, 29 Juni

Kabula amepanda treni kwenda Urambo. Miezi mitatu hospitalini, wagonjwa wa kweli. Stesheni nilimrekebishia ukosi, akaniachia nimrekebishe.

Mwalimu Ndaki amepiga simu. Anataka niwafundishe wagonjwa wapya wanne, na wawili wa akiba. Nimekubali. Jumanne sitafungua cherehani.

Nimefagia chumba cha Kabula, nikafungua madirisha. Upepo wa asubuhi una baridi siku hizi. Nimekaa uani na chai yangu. Leo siumwi popote.