Mivumu ya Hyacinthe

Nyamianda, 4 Machi 1956

Ndugu yangu Marcellin,

Salamu nyingi. Mko wazima huko Bukavu? Sisi huku tunapumua tu. Hyacinthe wangu tumemzika juzi. Alikuwa akisukuma gurudumu lake mbele ya nyumba, Sévère, yule dereva wa ghala, akaingia mbio na kamioni, lori la mpunga kutoka Bwegera, akamgonga. Unajua alisema nini mbele ya maiti? "Barabara iko ya kamioni, haiko ya watoto." Polisi wamemwachilia. Weye ndiye mjomba wa marehemu. Njoo na panga.

Dada yako, Gloriose

Bukavu, 19 Machi 1956

Dada mpendwa,

Pole sana. Afya ninayo, usingizi sina. Panga lingenipeleka gerezani, na Sévère angekufa mara moja tu. Hiyo haitoshi. Mimi ni kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, na mwezi ujao naletwa kutengeneza hiyo yenu. Mkubwa wangu amekubali tupande miti ya kivuli. Usimalize matanga kabla sijafika. Nikatie matawi manene ya mivumu, ile miti inayoota hata ukichomeka tawi tu.

Mjomba wa Hyacinthe, Marcellin

Nyamianda, 2 Julai 1956

Ndugu yangu,

Hujambo na watoto? Ulipoondoka nilikununia. Nilikuomba damu, ukanipandia miti. Sasa nimekuelewa. Mivumu yako imeshika mizizi, imebanana katikati ya barabara yetu kwenye ncha zote mbili. Watoto wanapita, kamioni haipiti. Tajiri wa ghala, bwana wake Sévère, alileta watu waing'oe. Waliposikia ilipandwa siku ya kumaliza matanga, kwa jina la marehemu, wakaondoka na mashoka yao. Nani ataugusa muvumu wa maiti? Sévère anabeba magunia mgongoni mpaka ghalani. Watoto wamejaza njia kwa michezo, na hawampishi mpaka aseme, "Jambo, Hyacinthe."

Dada yako, Gloriose

Bukavu, 15 Agosti 1956

Dada,

Habari za afya? Sévère amenifuata huku, mgongo umepinda. Anaomba niondoe muvumu mmoja tu. Nimemwambia mwenye ruhusa ni mama wa mtoto.

Ndugu yako, Marcellin

Nyamianda, 30 Agosti 1956

Ndugu yangu,

Mimi mzima, na siku hizi nakula vizuri. Sévère alikuja akapiga magoti. Nikamwambia, "Njia iko ya watoto." Akainuka, akarudi kwenye magunia yake.

Binti yake, Honorine, naye huja kucheza hapa baada ya masomo. Simfukuzi, hata ndizi nampa. Nataka amwone baba yake akiinama.

Dada yako, mama Hyacinthe