Jina la Mzazi Kwenye Fomu ya Nyanzala

Mkula, 11 Agosti 1996. Mwaka wa tatu tangu nitoke Maswa.

Hapana, kaka haandikwi.

Fomu za chuo kikuu cha Kanada zimefika. Mwanangu Nyanzala anauliza aombe msaada wa ada au asiombe, maana mwalimu wake anasema wanaoomba hukataliwa upesi. Kaka Masanja ametuma neno kwamba atalipa yeye, ila aandikwe kuwa ndiye baba.

Yeye aliyenitoa darasa la tano nikamchungie ng'ombe! Leo anataka binti msomi, na mahari yake.

Mchana karani wa shamba la miwa aligonga muhuri kwenye barua ya mshahara wangu huku akicheka. "Mzee Jilala, Wazungu wakiona hii watalia."

"Walie," nikamwambia. "Wewe gonga vizuri, isomeke."

Naogopa. Wakimkataa, mimi ndiye nitakuwa nimemponza mtoto. Lakini nimeshaweka alama penye kuomba msaada, na penye mzazi nimeandika jina langu kwa herufi kubwa.

Desemba, miwa ikiisha, narudi Maswa. Nitaanzia kwa kaka, nimsomee nakala ya fomu hii mstari kwa mstari mbele ya wake zake.