Saidi Kasimama Golini

Zahara, shoga yangu, mwanao Saidi kacheza. Nnaanza na hilo kwa sababu weye hukuwa na subira ya salamu. Mtu akikuuliza hali, na watoto, na jirani, unamwambia, "Toa jambo kwanza, salamu zitakuja." Basi jambo ndilo hilo. Kacheza, kasimama golini Mnazi Mmoja, jua linawaka, jezi mwilini, na mie nlikuwepo.

Haya, salamu sasa. Mungu akupanulie hapo ulipo na akupe nuru. Mie mzima, ila goti hili. Anayeandika ni Tatu, mwanangu, kaja kutoka Mpendae na watoto wake, na mmoja keshamwaga chai mkekani. Nshamwambia aandike nnavyosema, asinitengenezee maneno ya skuli. Makaburini wanawake hatwendi, ndiyo nakutumia karatasi. Utaisoma vipi huko sijui, lakini weye kusoma ulijua. Mie ndiye sikujua.

Tangu uondoke, Zahara, hungeujua mtaa. Mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, unakwenda na kikapu baada ya alfajiri unarudi adhuhuri na kibaba. Vitumbua nshaacha kuuza, nivipike kwa mchele upi? Ile kofia uliyoiacha nusu iko ukutani kwako, sindano imo ndani yake, sijamwachia mtu aiguse. Alikuja mmoja akataka kuimalizia. Nkamwambia kaanze yako.

Na hili nalo ulisikie kwangu. Wangazija, watu wenu, waliambiwa si watu wa hapa. Watu waliozaliwa mtaa huu, na mama zao wamezaliwa mtaa huu, eti wakajiandikishe kama wageni walioshuka jana. Saidi kazi ikamtoka. Alikuja akala kwangu, akanawa, akenda zake mpirani. Mpira ndio uliobaki. Na mie nkajua, kijana huyu siku mpira nao ukimtoka, atapanda meli. Sanduku lako la bati alikuwa keshalishusha kabatini, keshalipangusa vumbi. Nlipomuuliza la nini, akanambia, "Nalitazama tu, mama." Sanduku halitazamwi bure.

Maneno yako ya mwisho uliyonambia nnayo. Ulikuwa huwezi hata kukaa, unakohoa, ukanishika mkono ukasema, "Mize, Saidi asije akanikimbia hapa nikabaki peke yangu na udongo." Nkakwambia hendi popote. Nlisema tu ili ulale. Lakini nlisema.

Basi siku moja nimo kwenye foleni ya mchele, nimebakisha watu saba mbele yangu, nasikia wanawake wawili nyuma wanazungumza. Mmoja anasema, "Timu ya mtaa wanaandika daftari upya, wanataka watu wa asli watupu. Yule golikipa Mngazija keshakatwa." Mwenzake akauliza, "Nani atadaka?" Akasema, "Atadaka yeyote, mradi wetu."

Zahara, nlitoka kwenye foleni. Watu saba tu! Wakanipigia kelele, "Bi Mize, unapoteza nafasi!" Nkawaambia kuleni.

Nkenda moja kwa moja barazani kwa Haji. Haji unamjua, yule tuliyekuwa tukimfuta makamasi, leo ndiye katibu wa timu, ana kalamu mbili mfukoni. Kakaa na daftari, na pembeni yake Mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu siku hizi hakuna kamati bila mtu mzima wa kuwatuliza. Na vijana wa timu wamesimama mbele yake, na mwanangu Rajabu yumo. Saidi hayumo. Saidi kajificha nyumbani na sanduku lake.

"Shikamoo Bi Mize," Haji akasema.

"Marahaba. Jina la Saidi liko wapi?"

Akatazama daftari kama ndilo lililofanya. "Bi Mize, hili si langu. Tumeambiwa tuchukue watu wa asli. Saidi si wetu."

"Asli ya wapi?"

"Ya hapa."

Nkacheka, Zahara. Nlicheka mpaka kanga ikaniteleza. Unajua mie nlivyokua. Babu yangu kaletwa kutoka Nyasa, kafungwa, kashushwa, kapelekwa mashambani Kizimbani kupalilia mikarafuu ya watu. Mie msichana nakwenda kisimani naambiwa ngoja, weye mtu wa kuja, watangulie wenyewe. Nlingoja sana. Ndoo yangu ilikuwa ya mwisho kila siku. Leo hao hao wananambia mie ndiye mwenyewe na weye ndiye wa kuja. Mie sikuhama, miguu yangu hii hii. Wamehamisha mstari tu.

Nkamwambia, "Haji, kama ni asli, basi mkate na Rajabu. Babu wa mamake kaja kwa mnyororo. Na yule pale mrefu, babake Mmanyema. Na weye mwenyewe bibi yako nnamjua alikotoka, nianze kusema?"

Akasema haraka, "Usianze, Bi Mize."

Vijana wakacheka. Haji akakunja uso, akanambia, "Lakini hao ni wananchi. Saidi yumo katika wale. Nikimwandika, nnamwandika mtoto wa nani?"

"Mwandike wangu. Kanyonya kwangu."

Hapo Mwalimu akakohoa. Akasema taratibu, vile anavyosema, "Bi Mize, kunyonya kuna masharti yake. Mara tano, za kushiba. Nani anashuhudia? Mamake keshafariki."

Zahara, sasa sikiliza. Tatu, andika, usinitazame. Andika tu, mwanangu, yamekwisha zamani, una mume na watoto.

Unakumbuka tulipokwenda kwa Mwalimu huyo huyo, mie na weye, na sahani ya halua? Saidi na Tatu walikuwa wanatakana, na sisi wawili tunataka kuliko wao. Mwalimu akauliza, "Alimnyonya Mize mara ngapi?" Mie nkawahi, nkasema, "Mara tatu, Mwalimu. Labda tatu na kidogo." Nlisema uongo mbele ya msahafu, Mungu anisamehe, kwa sababu nlikutaka tuwe bibi wa wajukuu wamoja. Na weye ukainamisha kichwa, ukasema, "Mwezi mzima, Mwalimu. Ziwa langu lilifanya jipu. Mize alikuwa anawapa huku Rajabu, huku Saidi." Mwalimu akasema hao ni ndugu, hawaoani mpaka kiama. Tukarudi na halua yetu.

Nlikununia miezi mingapi? Hata Idi ile sikuja. Nlikuwa nikikusikia unapita, nafunga mlango wa mbele. Nkawa nasema mwenyewe jikoni, mwanamke gani huyu, ukweli umemzidi nini hata asinyamaze kidogo tu. Tatu alilia wiki nzima. Weye ukanletea mwiko wangu uliouazima, ukauweka kizingitini, ukenda. Sikukushukuru mwiko. Nakushukuru leo.

Mana'ke pale barazani nlimgeukia Mwalimu nkamwambia, "Shahidi unamtafuta wapi? Shahidi weye. Weye ulikaa pale kwenye msala wako wa kuswalia ukawakataza hawa wasioane, kwa maziwa yangu. Tatu kaolewa Mpendae kwa hukumu yako. Maziwa yaliyovunja ndoa hayafai kuandika jina kwenye daftari la mpira?"

Rajabu anatazama chini, namjua, anazuia kicheko.

Mwalimu akasema, "Hukumu niliitoa. Siikani. Lakini maziwa hayaleti nasaba, Bi Mize, wala hayaleti urithi."

"Nani kadai urithi? Mpira una urithi? Mie natia mtoto golini, sitaki shamba!"

Wakaangua kicheko hata waliosimama njiani. Mwalimu naye, Zahara, nlimwona, ndevu zilitikisika. Akamwambia Haji, "Kwa sheria ni mwanawe wa kunyonya, na hao ni nduguze. Mengine yenu."

Haji akabaki na kalamu juu. Akanambia kwa sauti ndogo, "Bi Mize, nikiulizwa mimi?"

"Waambie kaandikisha Mize. Nyumba yangu inajulikana, mlango haufungi vizuri. Waje waniulize mie. Mzee kama mie watanifanya nini, watanirudisha Nyasa? Sijui hata njia."

Kaandika. Nlisimama mpaka akamaliza, nkamwambia nisomee. Akasoma: Saidi wa Mize. Nkamwambia ongeza na Zahara. Akasema nafasi imekwisha. Nkamwambia andika pembeni. Kaandika pembeni, herufi ndogo ndogo. Umo, shoga yangu, kwenye daftari la timu. Mchele siku ile sikupata, tulikula muhogo.

Haya, mechi. Tulicheza na vijana wa Kizimbani, watu wa kwetu kabisa, wamekuja kwa lori wanaimba. Wakaniona, wakaniita, "Bi Mize, njoo huku kwenu!" Nkawaambia leo kwetu pale golini. Nlikaa nyuma ya goli kwenye mkeka, na pindo la kanga nimefunga kijiwe, nsikufiche. Nlisema atakayelitaja kabila la mwanangu kwa ubaya, leo atalala na nundu.

Na alikuwepo, nakwambia kweli kama weye ulivyozoea. Mpira haujaanza, mmoja nyuma yangu akapiga ukelele, "Mngazija huyo, mrudisheni kwao!" Nkageuka. "Nani kasema? Njoo mbele, mamake ndiye mie." Hakuna aliyekuja. Saidi alisikia, Zahara. Nlimwona shingo. Hakugeuka.

Kadaka vizuri nusu ya kwanza, kadaka mpaka nkasimama na goti langu. Nusu ya pili, jamani, sijui nini kilimpata. Mpira wa kitoto, unakuja unatambaa, hata nguvu hauna, yeye kainama kauchukua kama anachukua yai, ukampita katikati ya miguu ukaingia. Tukafungwa mbili kwa moja.

Hapo ndipo walipomtukana. Uwanja mzima! "Golikipa gani, kapaka mafuta mikononi?" "Funga miguu, bwana, si mlango wa dukani!" "Hata Bi Mize angelidaka ule!" Haji ndiye mbaya kuliko wote, karusha kofia chini, anapiga kelele, "Saidi, mjinga we, umetuua! Umetuua sisi!" Na Rajabu beki anamfokea, na Saidi anamfokea Rajabu, wanalaumiana kama walivyokuwa wakigombania ziwa.

Mie nlikaa nasikiliza kwa makini, neno moja moja. Nlikuwa nangoja lile la Mngazija. Kile kijiwe nimekishika. Wakamsema mikono, wakamsema miguu, wakamsema uvivu, wakasema kala wali mwingi. Lile halikuja. Hasira zilikuwa za mpira tu, kama wanavyomtukana mwanamume yeyote aliyezaliwa mtaa huu akafungwa goli la kijinga. Nkalia, Zahara. Mtu pembeni akanambia, "Usilie Bi Mize, ni mchezo tu." Nkamwambia nyamaza, hujui ninachosikia.

Saidi karudi nyumbani. Usiniulize kama sanduku karudisha kabatini, hajarudisha. Lakini kafungua, katoa mashati, kayatundika msumarini. Kesho yake kenda mazoezini, kwa sababu Haji kamwambia asipokuja atamfuata na bakora.

Basi pumzika. Mwakani wanafungua daftari jingine, na watakuja wengine na asli zao, wenye kalamu tatu mfukoni. Nitakwenda. Goti likikataa nitabebwa kwenye kitanda, wanitue pale barazani mbele ya daftari. Na siku nikija kulala hapo karibu yako, Tatu anajua pa kusimama badala yangu. Nshamwambia, na haya kayaandika kwa mkono wake. Mtoto wetu akidaka vibaya nitamtukana mie kabla yao wote. Kumtoa, hatoki.

Ni mie, Mize, mama wa Saidi.